Mtabiri wa Hali ya Hewa Asiamriwe

Katika chuo cha makadeti tulifundishwa kwamba ardhi, adui na hali ya hewa ni mambo matatu ambayo kamanda hana budi kuyapima kabla ya kutoa amri. Ardhi tulipewa majuma mengi ya kuisoma katika ramani. Adui alikuwa na somo lake kila siku. Hali ya hewa ilitengewa mchana mmoja tu, baada ya chakula, saa ambayo nusu ya darasa husinzia. Basi hatukushangaa, miaka ilipopita, kuona maofisa wengi wakiwachukulia watabiri wa jeshi kuwa ni mafundi wa kupima mvua, watu wa kuitwa mwishoni ili waitikie "ndiyo, afande" na kurudi kwenye vipimo vyao.

Twaandika haya kwa kuwa tulipata kukaa na kikundi kidogo cha watabiri wa jeshi huko Lemon Gaba, mmoja wa mitaa ya Juba, Sudan Kusini. Jina hilo kwa Kiarabu cha Juba ni la msitu wa malimau. Siku zetu pale tuliona zaidi nyumba na tanuri za matofali. Kazi yetu ilikuwa kusimamia taarifa zao: kuzipokea asubuhi, kuziandika kwa lugha nyepesi, kuzifikisha kwa wakubwa, na kuwaeleza majirani waliopenda kujua. Sisi tulikuwa na nyota mabegani, na mkuu wa watabiri alikuwa sajini. Ni katika tofauti hiyo ya vyeo ndipo penye hatari tunayotaka kuieleza.

Mvua za Juba huanza mnamo Aprili na kuendelea hadi Oktoba, wakati ukanda wa makutano ya pepo za kaskazini na za kusini unapopanda na kisha kushuka pamoja na jua. Katika miezi hiyo asubuhi huweza kuwa nyeupe kabisa; ardhi hupata joto, hewa yenye unyevu hupanda, na ifikapo alasiri wingu hujijenga kama mnara na kumwaga maji kwa nusu saa. Mtaa mmoja hugharikika, wa pili hubaki na vumbi lake. Hakuna mtaalamu duniani awezaye kusema alfajiri kwamba wingu hilo litaangukia paa hili na si lile. Awezalo kusema kwa haki ni kwamba katika siku kumi zenye hewa ya namna hii, mvua hunyesha siku nne, au saba, au tisa.

Asubuhi moja sajini alituletea karatasi yenye maneno haya: uwezekano wa mvua ya radi alasiri, asilimia 40. Tulikuwa tumekwisha kuambiwa na mkubwa mmoja kwamba amechoshwa na taarifa za "huenda" na "yawezekana". Basi tukaichukua kalamu yetu. Tulijiambia kwamba 40 ni pungufu ya nusu, na pungufu ya nusu ni hapana, tukaandika: "Leo mvua haitarajiwi." Sajini aliisoma karatasi, akatutazama, akapiga saluti. Hakusema neno, kwa maana hakuulizwa.

Jirani yetu mmoja, mama aliyejifunza Kiswahili ukimbizini Kakuma, alikuwa akifyatua matofali ya udongo kwa ajili ya kuuza. Kila asubuhi alikuwa akituuliza habari za mvua, na siku hiyo tukampa habari yetu iliyonyooka. Akayaacha matofali yake wazi yapate jua, turubai akamwazima mwenzake. Saa tisa wingu likaja. Matofali mabichi yakinyeshewa hurudi kuwa tope, na kazi ya siku nyingi iliyeyuka mbele ya macho yetu. Mama yule hakutukana. Alisema tu: "Afande, ungeniambia hujui, ningefunika."

Tulikwenda kwa sajini tukiwa na maneno makali tayari mdomoni. Akafungua daftari lake. Ilikuwamo tarehe, saa, unyevu, mwelekeo wa upepo, na ile asilimia 40, kwa mkono wake. Mtabiri hakukosea. Uongo uliingia njiani, kati ya daftari lake na mlango wa jirani, na aliyeuingiza alikuwa msimamizi.

Yapo waliotutangulia katika somo hili kwa gharama iliyo kubwa zaidi. Mnamo Juni 1944, majeshi ya washirika yalipokuwa tayari kuvuka bahari kuingia Normandy, mshauri mkuu wa Jenerali Eisenhower wa hali ya hewa alikuwa James Stagg. Huyu alikuwa raia, mtaalamu wa serikali ya Uingereza, akavikwa cheo cha jeshi la anga ili majenerali wapate kumsikiliza. Chini yake kulikuwa na vituo vitatu vya watabiri, vya Waingereza na Wamarekani, navyo havikukubaliana. Kituo cha Wamarekani kiliona kwamba tarehe 5 Juni yafaa, wengine walikataa. Stagg angeweza kumpa Eisenhower jibu tamu lililotakiwa na kila mtu chumbani. Alishauri kwamba hali itakuwa mbaya, na safari ikaahirishwa. Jioni ya tarehe 4 akaja na habari ya nafasi fupi ya utulivu, na majeshi yakashuka pwani tarehe 6. Tunachokistahi kwa Stagg ni kwamba alibeba ugomvi wa watabiri wake mabegani mwake, na mbele ya mkuu wake hakudai kujua kuliko walivyojua.

Aprili 1980 Wamarekani walijifunza upande wa pili. Helikopta zao 8 ziliruka usiku kuingia Iran kuwaokoa mateka, zikakutana na vumbi zito lililoning'inia hewani. Wasomaji waliowahi kuishi Khartoum walijua vumbi la tufani kwa jina la habub, na ni jina hilo la Kisudani ambalo Wamarekani walilitumia. Watabiri walikuwa wameufahamu uwezekano wa vumbi kama hilo. Lakini kwa ajili ya kutunza siri, hawakuruhusiwa kuzungumza na marubani uso kwa uso. Habari zilipitia kwa maofisa wengine, na marubani wakaingia ndani ya vumbi bila kulitazamia. Zilibaki helikopta 5 tu zilizofaa, kazi ikavunjwa, na wakati wa kuondoka helikopta moja iligongana na ndege, wakafa watu 8. Vumbi halikuwa sababu pekee, lakini uchunguzi uliofuata ulilitaja jambo hili la mtabiri kutengwa na rubani.

Tuongeze hapa jambo dogo ambalo lilitutoa jasho. Watabiri wa dunia nzima huandika kwa saa za Greenwich. Sudan Kusini, tangu tarehe 1 Februari 2021, ilirudisha saa zake nyuma kwa saa moja, ikaachana na majira ya Nairobi. Nasi Waswahili tunahesabu saa kuanzia macheo. Kwa hiyo sajini akiandika mvua saa 12, kwa Greenwich, saa ya ukutani Juba husema 14, Mswahili wa Juba husema saa nane mchana, wa Nairobi husema saa tisa, na ofisa mwenye haraka husoma saa kumi na mbili jioni. Tuliona msafara wa magari ukipangwa kwa kosa la namna hiyo. Hapa msimamizi ana kazi ya kweli, nayo ni kuhakikisha kwamba kila karatasi inayotoka inataja saa ni ya wapi. Kazi hii haina sifa, na ndiyo maana huachwa.

Wapo watakaotujibu kwamba vita haviendeshwi kwa "huenda"; kwamba kamanda anahitaji ndiyo au siyo. Hoja hiyo tunaiheshimu, kwani tumeisikia kutoka kwa watu tunaowaheshimu. Lakini ndiyo na siyo ni mali ya kamanda mwenyewe. Kwa mvua ya asilimia 40 ofisa wa malori ataondoka, rubani wa ndege ndogo atangoja, na mfyatua matofali atafunika, na wote watatu watakuwa wamefanya sawa, maana kila mmoja anajua atapoteza nini. Mtabiri akiamriwa kuondoa hesabu yake, amewachagulia wote hasara asiyoijua. Machi 2024, na tena Februari 2025, Serikali ya Sudan Kusini ilifunga shule kwa sababu ya joto kali. Uamuzi wa namna hiyo ni wa viongozi, si wa mpimaji. Lakini wataufanyaje ikiwa mpimaji amezoeshwa kupunguza nyuzi mbili ili asiwaudhi?

Mtabiri wa jeshi huachwa bila kukaguliwa, au hukaguliwa kwa kukaripiwa siku mvua isipotokea. Ukaguzi wa haki ni wa daftari. Chukua siku zote alizoandika asilimia 40 tangu msimu uanze, uhesabu ngapi zilinyesha. Zikiwa karibu nne katika kila kumi, mtu huyo ni mkweli, hata kama jana umelowa. Zikiwa nane, mrudishe darasani. Sajini wetu tulimkagua hivyo mwishoni mwa Julai, kwa siku 20 alizoandika 40. Zilinyesha 9.

Tangu hapo karatasi ilitoka kama ilivyoandikwa, asilimia yake ikiwamo, na jina lake chini badala ya letu. Mama wa matofali tulimlipia turubai la pili. Aliendelea kuuliza kila asubuhi, ila sasa alikuwa akimwita sajini mwenyewe mlangoni.