Zana za Ulinzi ni Amana, na Kuzichelewesha ni Khiyana

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (SWT), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu zetu katika imani, wapo wanaodhani kwamba ununuzi wa zana za kijeshi ni jambo la makamanda na mawaziri, lisilohusiana na mimbari. Sisi hatuoni hivyo. Suratul Anfal, aya ya 60, inawaamrisha waumini kuandaa nguvu kadiri ya uwezo wao. Na Suratun Nisaa, aya ya 58, inaamrisha amana zifikishwe kwa wenyewe. Zana ya ulinzi hukusanya amri zote mbili: ni nguvu, na hununuliwa kwa amana ya umma.

Mfano uko mlangoni petu. Mwaka 2003 serikali ya Kenya ilitia saini mkataba wa kuundiwa manowari nchini Uhispania, kwa gharama ya zaidi ya shilingi bilioni 4. Haukupita muda mrefu maswali yakazuka kuhusu bei na mkataba wenyewe, wakati ambapo kashfa ya Anglo Leasing, iliyohusu mikataba ya usalama, ilikuwa imeitikisa nchi. Malipo yakasimamishwa, na meli ikabaki Ulaya miaka nenda miaka rudi. Iliwasili Mombasa mwaka 2012, ikiitwa Jasiri.

Tuitazame miaka hiyo ya kungoja. Ndiyo miaka ambayo maharamia wa Kisomali walitamba katika bahari yetu. Mwaka 2011 wageni walitekwa nyara Kiwayu na Manda, wakavushwa kwa mashua hadi Somalia. Hatusemi kwamba meli moja ingeyazuia hayo yote. Elimu ya ghaibu ni ya Mwenyezi Mungu. Tunasema tu kwamba mabaharia wetu walilinda pwani bila ya chombo ambacho umma ulikwisha kuanza kukilipia.

Wala hatuwalaumu waliouliza maswali, kwani kuuliza ni wajibu. Msiba ni kwamba maswali yalikuja baada ya saini, ilhali mahali pake ni kabla yake. Mkataba usiochunguzwa mapema huwaweka watu kati ya hasara mbili: walipe wasichokiridhia, au wakose wanachokihitaji.

Sira inatufundisha njia iliyo bora. Mwaka wa 8 Hijria, baada ya kufunguliwa Makka, Mtume (SAW) alijiandaa kwenda Hunayn, naye alihitaji deraya. Safwan bin Umayya alikuwa nazo, na siku hiyo alikuwa bado hajasilimu. Alipotakiwa aziazime, aliuliza kama zinachukuliwa kwa nguvu. Mtume (SAW) akamjibu kuwa sivyo, bali ni azima yenye dhamana. Imepokewa kwamba baadhi ya deraya zilipopotea, Mtume (SAW) alijitolea kuzilipa.

Tuzingatie: adui alikuwa karibu, na uwezo wa kunyang'anya ulikuwepo. Hata hivyo masharti yalitajwa kwanza, dhamana ikawekwa, na baada ya vita hesabu ikafanywa. Haraka ya vita haikuwa udhuru wa kuacha uadilifu.

Leo tunaambiwa kwamba mambo ya jeshi ni siri. Ni kweli, siri inayo nafasi yake. Lakini siri ni ngao dhidi ya adui, si pazia la kumficha mwenye mali bei ya mali yake. Kifungu cha 227 cha Katiba ya 2010 kinataka ununuzi wa umma uwe wa haki, wa wazi na wenye gharama nafuu. Wabunge wetu, ambao wanaweza kuhoji hata faraghani, wahoji kabla ya saini.

Nasi maimamu tusichoke kukumbusha kwamba askari anayesubiri zana yake ni mwenye haki, na kila mwenye haki atadai Siku ya Kiyama.

Wabillahi tawfiq.