Gego Lililotibiwa na Bado Linauma

Mwenzetu mmoja alikuja mkutanoni ameshika shavu. Gego lake la juu lilikwisha kutibiwa, mifereji ikasafishwa na kuzibwa, lakini usiku halimpi usingizi. Alitaka ling'olewe tu. Tulimwomba angoje kidogo.

Gego la kwanza la juu kwa kawaida lina mizizi 3, lakini mifereji mara nyingi ni 4. Ule wa 4 ni mwembamba kama uzi, nao umejificha katika mzizi mmoja na mwenzake. Radio ya kawaida ni picha bapa, mfereji mmoja unaficha mwingine. Usiposafishwa, vijidudu vinabaki humo na maumivu yanarudi. Skaneri ya meno huzunguka kichwa na kupiga picha nyingi. Ordinatere inaziunganisha, na daktari analitazama gego kipande kwa kipande, kama muhogo uliokatwa. Watafiti wa Makerere, Uganda, katika kazi yao ya 2007, walitia wino ndani ya magego yaliyokwisha kung'olewa ili waone njia hizo. Mtu hai hawezi kufanyiwa vile!

Si kila jino linahitaji skaneri, maana mionzi yake inazidi ya radio ndogo. Mwenye mimba aseme kwanza. Na kabla ya kulipa nauli ya Lubumbashi, tuulize kwa simu kama mashine ipo, na bei yake.

Tuwatazame na watoto. Gego hilo huota karibu na miaka 6, nyuma ya meno ya utoto, bila jino lolote kung'oka. Wengi wetu tunalidhani ni la utoto, tunaliacha lioze. Likitoka, hakuna lingine linalokuja.