Tunakwenda Kupanda Farasi, na Heshima Zetu Tunakwenda Nazo



Tangu tuseme kwamba likizo ya skuli ya katikati ya mwaka tunakwenda Nungwi siku tatu kupanda farasi, tumesikia mengi. Tuko wanawake saba wa kikoba kimoja. Sita tumeolewa na waume wameridhia, mmoja ni mjane, na pesa tumechanga wenyewe. Tulidhani tutaulizwa mtalala wapi, watoto mnamwachia nani. Hapana. Tumeulizwa kama tuna haya.

Basi tujibu, maana kunyamaza tumekufanya dawa ya kila kitu na hakujatuponya.

Farasi wenyewe hawako ng'ambo. Wako hapa hapa Unguja, kwenye fukwe za Nungwi na Kendwa, na jua likipoa utawaona wageni wamekaa juu wanapigwa picha. Mchanga wa kwetu, kijana anayeshika hatamu wa kwetu. Na mwanamke wa kwetu yupo pia, anauza kanga na kusuka nywele za wageni. Kumsuka mgeni aliyevaa nguo ya kuogelea mbele ya kadamnasi hakuna anayekuona vibaya, kwa sababu kunaingiza shilingi. Sisi kupanda mnyama tukiwa tumejisitiri kuanzia utosini hadi kwenye kifundo cha mguu, hiyo ndiyo aibu. Hesabu hii hatuielewi, na sisi tunaishi kwa hesabu.

Wanaotuletea dini tuwajibu kwa dini. Katika Suratun-Nahl, aya ya 8, Mwenyezi Mungu anataja farasi, nyumbu na punda kuwa ni wa kupandwa na kuwa ni pambo. Hakuna mahali hapo palipoandikwa wanaume peke yao. Katika hadithi sahihi aliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwasifu wanawake wa Kikureshi kuwa ndio bora wa wanawake wapandao ngamia, kwa huruma yao kwa watoto na uangalizi wao wa mali za waume. Kupanda hakukuwapunguzia sifa, kumetajwa ndani ya sifa yenyewe. Bibi Aisha alipanda ngamia mpaka vita vikaitwa kwa jina la ngamia. Tusisimame hapo tu. Ummu Haram bint Milhan alimwomba Mtume amwombee awe miongoni mwa watakaosafiri baharini, akaomba. Akavuka mpaka Kipro, akapanda mnyama, akaanguka, akafariki. Kaburi linalojulikana kuwa ni lake liko karibu na Larnaca na watu wanalizuru mpaka leo. Hatujasikia mwanachuoni aliyesema ilimstahili kwa kuwa alipanda.

Yako na yale maneno yanayozungushwa kwenye simu, kwamba wanawake wanaokaa kwenye tandiko wamelaaniwa. Aliyetuletea tulimwomba kitabu na jina la mpokezi. Akatuletea alama ya viganja viwili vimeunganishwa, ya kuomba dua. Kumzulia Mtume neno ni jambo kubwa kuliko kupanda farasi, na hilo hata mtoto wa madrasa analijua.

Wengine wameacha dini wakashika mila: si desturi ya Unguja. Ya Unguja gani? Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, ameandika katika kumbukumbu zake zilizochapwa Ujerumani mwaka 1886 jinsi watoto wa nyumba ile walivyofundishwa kupanda, wa kiume na wa kike. Wavulana walipewa farasi, wasichana punda wakubwa weupe wa Maskati, na punda hao walikuwa na bei kweli. Tunajua mtasema nini: huyo si ndiye aliyeondoka akabadili dini? Ndiye. Lakini masomo ya kupanda hakujipa yeye. Aliyapata nyumbani kwa baba yake, na ndugu zake waliobaki hapa waliyapata vile vile. Desturi ipo, ila imesahauliwa kwa kuwa hakuna anayeuliza.

Sasa tufike pale ambapo watu wanapanong'ona. Katika kikundi chetu mmoja ana binti wa miaka kumi na sita, na tulitaka kumchukua. Bibi yake amekataa kabisa. Sababu aliisema chumbani, mlango umefungwa: farasi humharibu msichana, siku ya harusi tutasema nini?

Bibi tunamheshimu na hatutamchukua mtoto kwa nguvu. Lakini woga huu umewanyima watoto wetu farasi, umewanyima baiskeli, umewanyima hata kuruka kamba uwanjani, na ni lazima mtu auseme kwa sauti. Ile ngozi hutofautiana kwa kila msichana. Wako wanaozaliwa nayo kidogo sana, wako ambao huvutika isiachwe alama yoyote, wako ambao hubadilika kwa shughuli za kawaida tu. Hakuna daktari anayeweza kuiangalia akajua msichana amefanya nini na hajafanya nini. Oktoba 2018 Shirika la Afya Duniani pamoja na ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa na shirika la UN Women walitoa tamko la kutaka kipimo cha bikira kikomeshwe, kwa sababu hakina msingi wa kitabibu na kinaumiza.

Mtasema hao ni Wazungu. Haya, turudi kwenye Suratun-Nur. Anayemsingizia mwanamke mwenye kujihifadhi bila kuleta mashahidi wanne, hukumu yake ni viboko thamanini na ushahidi wake haukubaliwi tena. Mashahidi wanne! Sisi tumeridhika na shuka moja. Shuka likiwa jeupe, msichana anarudishwa kwao, na aliyemsingizia anakula pilau ya harusi nyingine wiki inayofuata. Mnaojali heshima za watoto wa kike, hapo ndipo pa kupigia kelele. Tandiko halijamsingizia mtu.

Na kama kweli mnatuhurumia, tuulizeni mambo yenye khatari. Farasi ana nguvu, anashtuka, na anayeanguka anaweza kuvunjika. Hilo hatulifanyii mzaha, na ndilo tuliloanza kulishughulikia mapema.

Tulianza na nguo, kwa sababu kushona ndiyo kazi yetu. Buibui la kawaida halifai juu ya farasi, na kisa si kwamba buibui ni baya. Pindo pana linaweza kunasa kwenye kile kichuma cha kutia mguu, na ukianguka huku nguo imenasa unaburutwa. Mtandio mrefu ukipeperuka nyuma ya jicho la farasi unamshtua. Lakini jibu si kuvaa kama mgeni. Tumeshona suruali pana kiasi, za pamba yenye kuvutika, na kati ya miguu tumetia kipande chenye umbo la kashata ili mshono usipite pale paja linapogusa tandiko. Anayepuuza hili atarudi kachubuka, na atatembea vibaya siku tatu. Juu yake kanzu inayofika chini ya goti, mpasuo uko katikati mbele na nyuma, si ubavuni. Mpasuo wa ubavuni ukikaa juu ya farasi unafungua paja lote. Wa katikati unaigawa nguo, upande huu na upande huu, miguu yote imefunikwa. Fundi yeyote anayeshona kanzu anaweza, na kitambaa cha mita nne kinatosha mtu wa kawaida.

Kichwani ni hijabu ya kuvaa moja kwa moja, bila pini, kwa sababu juu yake inakuja kofia ngumu na pini itakutoboa. Nywele zisifungwe kidonge nyuma, kofia haitakaa. Na kofia iwe ya kupandia farasi, wala si ya bodaboda. Wenye farasi wasipokuwa nayo, hatupandi. Miguuni ni viatu vya kufunika vyenye kisigino kifupi ili mguu usiteleze ukapita wote. Ndara ziacheni chumbani.

Jingine tulilouliza kabla ya kulipa: nani atatupandisha? Tumezoea kuona kijana anamnyanyua mgeni kwa kiuno. Hatukulikubali, na wala si lazima. Kigoda imara au ngazi ndogo inatosha, unapanda mwenyewe, kijana anashika kichwa cha farasi. Tuliposema hivyo hakuna aliyetucheka. Walisema sawa. Tunaandika hili kwa sababu wengi hukataa kitu kizima kwa ajili ya jambo ambalo lingeondoka kwa swali moja.

Uzito pia. Kipimo kinachotumiwa sana ni kwamba farasi asibebe zaidi ya sehemu moja ya tano ya uzito wake, tandiko likiwamo. Farasi wa kilo 400 mwisho wake ni kilo 80 na tandiko ndani. Kwa hiyo tulipanda mizani dukani, wote saba, na namba tumezituma kama zilivyo. Wawili wanahitaji farasi mkubwa. Kudanganya hapo ni kumdhulumu mnyama asiyeweza kusema, na kisa cha mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka tunakijua sote. Kwa sababu hiyo hiyo, farasi mwenye kidonda mgongoni au mbavu za kuhesabika hatumpandi hata kama tumeshalipa. Mwenye mimba naye abaki pwani.

Siku tumezichagua kwa maji. Bamvua maji hukauka asubuhi kuelekea adhuhuri, jua la kichwa, na jioni yamejaa. Tunaotaka jioni tumechukua siku za maji mafu. Tutapanda baada ya Alasiri na kushuka kabla ya Magharibi, saa moja tu siku ya kwanza, maana mapaja hayajazoea. Nungwi kutoka mjini ni kama kilomita 60, haifiki masafa ya kupunguza swala, basi tutaswali kamili. Jasho la farasi ni tohara. Kinyesi na mkojo kwa madhehebu yetu ya Shafii ni najisi, hivyo kila mtu abebe nguo ya kubadilisha.

Na pesa? Tumeambiwa ni israfu. Wanaosema ndio hao hao wanaotuletea vitambaa vya sare, harusi tatu kwa msimu, sare ya kesha, sare ya siku yenyewe, na nguo ile haivaliwi mara ya pili. Tunawashonea na tunawashukuru kwa kazi. Sisi tumeweka shilingi elfu tano kila wiki kwa miezi minane, baada ya ada za skuli na zaka.

Suruali tano ziko tayari, mbili zinasubiri zipu. Bibi yake yule binti jana kauliza, kwa sauti ya chini, kama ile kanzu ya mpasuo wa katikati inapatikana kwa saizi ya mtoto. Tumemkatia kitambaa.