Hukuituma, Mbona Imerudi Kwako?

Unafungua barua pepe asubuhi, unakuta taarifa lukuki kutoka seva usizozijua: barua yako haikufika, uliyemwandikia hayupo. Wala hukumwandikia mtu. Tangu kirusi Klez kienee mwaka 2002, kikafuatiwa na Sobig.F Agosti 2003 na Mydoom Januari 2004, watu wamekuwa wakipeana ushauri uleule. Tuupime.

"Kompyuta yako ina kirusi." Si lazima. Virusi hivi hupekua mafaili ya kompyuta vilimoingia na kuokota anwani: moja ya kutumiwa, nyingine ya kubandikwa mahali pa mtumaji. Mwenye kirusi ni mtu wa tatu, ambaye pengine kosa lake ni kuwa na anwani yako tu.

"Umeingiliwa, badili nywila." Si lazima nywila iwe imeguswa. SMTP, utaratibu wa kusafirisha barua pepe uliowekwa mwaka 1982, haukumdai mtumaji kitambulisho. Ni kama posta: andika S.L.P. ya jirani nyuma ya bahasha. Posta wakimkosa mpokeaji, bahasha itarudi kwa jirani.

"Programu ya kukinga virusi imekutaja, nayo haikosei." Kirusi imekipatia, mtu imemkosea. Programu inayoitambua Klez ilipaswa kujua pia kwamba Klez hughushi mtumaji. Onyo lake linamfikia asiyehusika, na mwenye kirusi anaendelea kulala usingizi.

"Fungua kiambatisho uone kilichorudi." Thubutu! Mydoom ilijivika sura hiyohiyo ya taarifa ya barua iliyoshindwa kufika, na kiambatisho ndicho kilichokuwa kirusi.

"Aliyetuma hawezi kujulikana." Dalili ipo. Taarifa ikiwa imebeba vichwa kamili vya barua ya awali, tafuta mistari inayoanza na neno "Received". Ule ulioandikwa na seva iliyoirudisha barua una namba ya IP ya kompyuta iliyoileta. Jina la mtumaji huandikwa na yeyote. Namba hiyo huandikwa na seva inayopokea. Mpelekee taarifa hiyo mtoa huduma wa intaneti anayeimiliki namba hiyo.

Wasimamizi wa seva nao wana lao: barua yenye kirusi ikataliwe mlangoni, isipokelewe kwanza kisha ikarudishwa kwa asiyeituma. Nawe msomaji, ukipokea kirusi chenye jina la rafiki yako, soma "Received" kabla hujamgombeza.