Kinga hainywi esanse, lakini inakula feza

Kila siku tunasikia mtu anasema: «Ule iko na kinga, anatembea bule.» Bule namna gani? Hapa Lubumbashi, umuulize baba anayeingia asubuhi na barabara ya Kasenga, mifuko mitatu ao minne ya makala nyuma, yeye mwenyewe anasukuma kwa miguu. Akupe hesabu yake.

Tuliketi na wenzetu wa kazi hiyo. Shambri inapasuka juu ya mawe, viraka vinajaa, unanunua ingine. Reyo za nyuma nazo: ikivunjika moja, zenye kubaki zinabeba uzito wake, na usipotengeneza leo, kesho zinavunjika tatu na janti inapinda. Kisha sheni. Wengi tunaipaka mafuta machafu ya moteri kwa sababu hayana bei. Lakini wakati wa jua, vumbi yetu nyekundu inashikamana na yale mafuta, inakuwa kama musasa, inakula meno ya pinyo. Sheni iliyorefuka ukiiacha, inaua na pinyo, unalipa mara mbili. Kupanguza sheni na kitambaa kila mangaribi, hiyo tunaweza kujifanyia wenyewe.

Shimo la barabara, hapana. Tangu 2008 inchi yetu iko na sheria ya FONER, mfuko wa kutunza barabara. Feza yake inatoka kwenye esanse na kwenye peaji. Mwenye kinga hanunui esanse, ni kweli. Lakini unga anaokula umeletwa na lori, na ile feza ya esanse imeingia tayari ndani ya bei ya unga. Analipia barabara kwenye unga, halafu analipia mashimo kwenye shambri.

Bado bariere. Wanakusimamisha, unatoa kitu, karatasi hakuna. Kijana mumoja wetu alishuka muteremko na muzigo bila freni, maana feza ya patini njo ile aliyoacha kwenye bariere. Alianguka paka kwenye majani, makala ikamwagika yote. Siku ingine itakuwa mbele ya lori. Konstitisyo, artikle 174, inasema kodi inawekwa paka na sheria. Kwa hiyo asiye na karatasi ya kukuonyesha, hakudai kodi.

(Tunajua makala inamaliza pori. Tutaongea hiyo pia, lakini haitengenezwi kwa kumunyanganya musukumaji feza ya freni.)

Kuanzia juma hii, kila mwenye kinga aandike kwa mwezi muzima: kitu alichonunua, bei, na kila alichotoa bariere, siku na mahali. Asiyejua kuandika, mutoto wake ao jirani amuandikie. Usiandike jina la mutu, andika mahali na saa. Tutakusanya zile karatasi, tutazipeleka kwa wakubwa wa mukoa, na tutakaa pale kwenye mulango, na kinga zetu, mupaka watujibu.