Miswada Isirudi Nyumbani Haijasomwa

Makongamano ya Kiswahili yamekuwa mengi, Visiwani na Bara, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Tangu UNESCO ilipoitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, mwaka 2021, lugha yetu imezidi kupata wageni, mabango na mada. Lakini liko kundi moja la washiriki ambalo ratiba za mikutano hiyo ni nadra kulitaja. Nao ni wale wanaokuja na bahasha kwapani. Ndani ya bahasha umo mswada wa riwaya au wa diwani, ulioandikwa usiku baada ya kazi za mchana. Mwenye bahasha husikiliza hotuba ya ufunguzi, husikiliza mada moja baada ya nyingine, hupiga makofi pamoja na wenzake, kisha hurudi Micheweni au Makunduchi na bahasha yake vile vile alivyokuja nayo.

Hasara hiyo si ya mtu mmoja. Mwezi wa Juni 1962 waandishi wa Afrika walikutana katika Chuo cha Makerere, Kampala. Yalisemwa mengi katika mkutano ule, na mengine yanabishaniwa hadi leo. Lakini tendo moja lililozaa matunda makubwa halikufanyika jukwaani. Mwanafunzi mmoja wa chuo hicho, aliyejulikana wakati ule kwa jina la James Ngugi, alimpelekea Chinua Achebe wa Nigeria mswada wake ausome. Achebe alikuwa mgeni mashuhuri, na angeweza kusema kuwa hana nafasi. Hakusema hivyo. Aliupitia mswada, akampa kijana mawazo yake, na kazi ile ikafikishwa kwa wachapishaji wa Heinemann, ambao mwaka huo huo walikuwa wameanzisha mfululizo wao wa vitabu vya waandishi wa Afrika. Mwaka 1964 ilitoka riwaya ya Weep Not, Child. Kijana yule ndiye Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki dunia mwaka 2025 akiwa mwandishi wa kutajika ulimwenguni kote.

Achebe naye alikuwa akilipa deni. Mwaka 1956 alipokuwa London kwa mafunzo ya utangazaji ya BBC, alimwonyesha mswada wake mwandishi wa Kiingereza Gilbert Phelps. Phelps aliupenda, akataka kuupeleka kwa wachapishaji mara moja. Achebe alikataa! Aliona kazi bado haijaiva. Alirudi nayo Nigeria, akaondoa sehemu mbili nzima, ya pili na ya tatu, akaibakisha habari ya Okonkwo peke yake. Kitabu kilitoka mwaka 1958 kwa jina la Things Fall Apart. Wapo vijana wetu ambao wakisifiwa mara moja hukimbilia kwa mpiga chapa. Tunawaomba wautazame mfano huo.

Sasa na tujitazame wenyewe. Mkutano ule wa Makerere ulikuwa wa wanaoandika kwa Kiingereza. Shaaban Robert, mwandishi mkubwa kuliko wote wa Kiswahili wa zama zake, hakualikwa, na mwezi huo huo wa Juni 1962 akafariki dunia. Meza ile aliyoipata Ngugi haikutandikwa kwa ajili ya Kiswahili. Leo makongamano ni yetu, ukumbi ni wetu na lugha ni yetu. Ikiwa mwandishi wa Kiswahili bado hapati wa kumsomea, hatuna mgeni wa kumlaumu.

Watu watatuambia kuwa zipo tuzo. Kweli zipo, na tunaziheshimu. Muhammed Said Abdulla, mwana wa visiwa hivi, alitokea kwa njia ya shindano la uandishi la mwaka 1957 na 1958, na Mzimu wa Watu wa Kale ukachapwa mwaka 1960. Leo iko Tuzo ya Safal-Cornell, iliyokuwa ikiitwa Mabati-Cornell, na iko Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Lakini tuzo hutangaza aliyeshinda. Yule aliyeshindwa haelezwi kwamba riwaya yake ilikuwa njema hadi sura ya saba, kisha mhusika mkuu akapotea njia pamoja na mwandishi wake. Naye ndiye mwenye haja zaidi ya kuambiwa.

Tueleze pia ni usomaji wa namna gani tunaoutaka, maana hapa ndipo penye kuharibika. Sote tuliopita chuoni twajua jinsi mwalimu alivyofundisha. Hakumwambia mtoto "umesoma vizuri" akampandisha juzuu. Alimkalisha mbele yake, akamsikiliza herufi kwa herufi, na pale alipokosea akamrejesha. Msomaji wa mswada naye auchukue kwa uangalifu huo. Aonyeshe ukurasa ambapo hadithi imelegea, mazungumzo yasiyofanana na ya watu, na mwisho uliokuja kwa haraka. Aseme vile vile kilicho kizuri, ili mwandishi asije akakikata kwa kutojua.

Wala kusoma mswada si kutoa kibali. Tunalisema hili kwa ndugu zetu wa maofisini, kwa nia njema. Afisa akipewa mswada, mara nyingi la kwanza analolitafuta ni jina la nani limetajwa na nani atakasirika. Kazi hiyo ni nyingine. Mwandishi akiuona mkono wa afisa ndani ya hadithi yake, mara ya pili hataileta.

Liko na suala la lahaja. Mhariri asiyekijua Kipemba hukutana na neno asilolizoea, akalipiga mstari akidhani ni kosa, na kumbe ndilo lililobeba uzito wa sentensi. Udhuru huo umekwisha nguvu, kwani BAKIZA limekwishachapisha makamusi ya Kipemba, Kimakunduchi na Kitumbatu. Basi miswada ya Visiwani isomwe na watu wanaokubali kwanza kufungua makamusi hayo.

Tunazitaka taasisi zinazoandaa makongamano zitenge nusu siku kwa kazi hii, na tangazo lake litoke miezi mitatu kabla. Miswada ipokewe mapema, iliyopigwa chapa kwa mistari yenye nafasi, kurasa zikiwa na nambari. Kila mswada upewe msomaji mmoja mwenye ujuzi, mwandishi mzoefu au mhariri wa kampuni ya vitabu, naye alipwe, kwani kusoma kurasa mia mbili kwa makini ni kazi ya siku kadhaa. Siku ya mkutano wawili hao wakae faragha saa nzima. Mwandishi asikilize, aandike, na mabishano ayaache hadi atakapokuwa amelala na maneno hayo usiku mmoja au miwili. Na maoni yote ayapate kwa maandishi, yenye saini ya msomaji, kabla boti ya Pemba haijaondoka.