Sumu iliyopimwa ikawa tiba

Wahenga walinena kwamba dawa ya moto ni moto. Tumeukumbuka msemo huo tulipotafakari sumu ya botulinamu, inayozalishwa na bakteria katika chakula kilichohifadhiwa vibaya. Sumu hii hukata mawasiliano baina ya neva na misuli, hata mtu akashindwa kupumua.

Mwaka 1822, tabibu wa Kijerumani Justinus Kerner, aliyechunguza waliodhurika kwa soseji, alihisi kwamba kiasi kidogo mno chaweza kutibu. Wazo hilo lilingoja zaidi ya karne. Dk. Alan Scott wa Marekani aliijaribu kwanza kwa kima, akatangaza matokeo mwaka 1973, ndipo ikaanza kutibu makengeza. Baadaye ikafikia utumbo.

Chukueni mfano wa mpasuko wa njia ya haja kubwa. Msuli hukaza kwa maumivu, damu hupungua, kidonda hakiponi. Sindano ya kiasi kidogo hulegeza msuli kwa miezi michache, kidonda kikapata nafasi ya kufunga. Maabara zimeonyesha pia kwamba sumu hiyo huzuia neva kutoa baadhi ya kemikali za maumivu.

Wapo wazee na kina mama wanaoumia kimya kwa kuona haya. Tunawausia ndugu zetu: mwoneni daktari. Wengi hupona kwa maji, mboga na matunda, na kukalia maji ya vuguvugu, bila sindano. Stara ni pambo, lakini kuficha maradhi ni kuyalea.